Roketi ya Vipande Viwili

Ukiokota jiwe ukalirusha juu kwa nguvu zako zote, litapanda, litapunguza mwendo, litasimama kitambo kidogo sana, kisha litarudi chini. Kazi ya mkono wako ilikwisha pale jiwe lilipotoka vidoleni. Tangu hapo lilikwenda kwa mwendo ule uliolipa, na uzito wake pamoja na hewa viliula mwendo huo kidogo kidogo hata ukaisha. Sasa fikiri: ingekuwaje kama jiwe hilo, likiwa bado lakwenda juu kwa mbio, lingekutana na mkono wa pili huko angani, nao ukalirusha tena? Jambo hilo lafanyika kweli. Hufanywa kwa roketi ya vipande viwili, na katika nchi nyingine hata wanafunzi wa shule huunda roketi ndogo za namna hiyo kwa karatasi na mti mwepesi, wakashindana nani ataipeleka yake juu kupita wenzake.

Kwanza yatupasa kujua roketi yenyewe ni kitu gani. Wengi wenu mmeona fataki za sikukuu. Fataki ni bomba la karatasi lililoshindiliwa baruti. Juu limezibwa, na chini lina tundu. Baruti ikishika moto hugeuka kuwa moshi wenye joto kali, na moshi huo wataka nafasi kubwa mara nyingi kuliko baruti iliyouzaa. Nafasi haipo, wala njia haipo, ila lile tundu. Basi moshi hutoka chini kwa nguvu, na bomba husukumwa juu kwa nguvu iyo hiyo. Mwingereza Isaac Newton aliiandika kanuni hii katika kitabu chake cha mwaka 1687, lakini wavuvi wetu waijua kwa miili yao: mtu akiruka kutoka ngalawani kwenda ufukoni, yeye huenda mbele na ngalawa hurudi nyuma. Wako wanaodhani ya kuwa moshi wa roketi husukuma hewa iliyo nyuma yake, kama mtu asukumavyo ukuta. Sivyo. Roketi huenda vizuri zaidi mahali pasipo na hewa kabisa.

Sasa tuje kwenye kimo. Jiwe likirushwa juu kwa mwendo wa mita 10 kwa sekunde, tukiacha kuihesabu hewa, hufika kiasi cha mita 5. Je, likirushwa kwa mwendo wa mita 20 kwa sekunde, litafika mita 10? Wanafunzi wengi hujibu hivyo, wala sishangai, maana ndivyo akili ionavyo kwanza. Lakini litafika mita 20. Mwendo umezidi mara 2, na kimo kimezidi mara 4. Mwendo ukizidi mara 3, kimo huzidi mara 9. Lishikeni neno hili, kwa kuwa ndilo shina la habari yote. Tuseme una mikono miwili, na kila mmoja waweza kulipa jiwe mwendo wa mita 10 kwa sekunde. Kila mkono ukirusha jiwe lake, mawe yatafika mita 5 na mita 5. Lakini mikono yote miwili ikilirusha jiwe moja, wa pili ukianza kabla mwendo wa kwanza haujapungua, jiwe hilo litafika mita 20. Ndiyo sababu mtu aundaye roketi ya vipande viwili hataki hata nusu sekunde ipotee kati ya kazi ya kipande cha chini na kazi ya kipande cha juu.

Huenda mtoto mwerevu akauliza: kwa nini wasiunde roketi moja ndefu yenye baruti nyingi, wakaepuka taabu ya kuunga na kuachanisha? Jibu ni mzigo. Tuseme msafara wa zamani umetoka Bagamoyo kwenda Tabora, na wapagazi kumi wamebeba chakula tu cha kuwalisha njiani. Chakula cha wapagazi watano kikiisha, watu hao watano hawana mzigo tena, lakini midomo wanayo. Mwenye msafara akiendelea nao watamla yeye na wenzao. Akiwarudisha nyumbani, chakula kilichobaki kitawafikisha mbali wale watano wengine. Bomba la roketi lililokwisha kuungua ni mpagazi wa namna hiyo. Halisukumi kitu tena, walakini lina uzito, na mapezi yake yakwaruza hewa. Likiachwa lianguke, kile kilichobaki ni chepesi na chembamba, nacho chapata faida yote ya baruti yake.

Mawazo haya si mapya. Konstantin Tsiolkovsky, Mrusi aliyekuwa mwalimu wa shule katika mji wa Kaluga, naye alikuwa mzito wa masikio tangu utoto wake kwa ajili ya ugonjwa, alichapisha hesabu ya mwendo wa roketi mwaka 1903. Na mwaka 1929 akaandika juu ya roketi zilizoungwa pamoja kama mabehewa ya gari moshi. Robert Goddard wa Marekani alipata hati ya serikali mwaka 1914 ya kulinda uvumbuzi wake wa roketi ya vipande vinavyofuatana. Lakini hesabu ya karatasi ni jambo moja, na kitu kirukacho ni jingine. Tarehe 24 Februari 1949, katika jangwa la White Sands, jimbo la New Mexico, Wamarekani waliweka roketi ndogo iitwayo WAC Corporal juu ya pua ya V-2, roketi kubwa waliyoiteka kwa Wajerumani wakati wa vita. WAC Corporal peke yake ilikuwa imepata kufika kiasi cha kilometa 70. V-2 zilizorushwa pale peke yake zilifika kiasi cha kilometa 160. Jumlisha uone. Siku ile roketi ndogo, iliyorushwa na kubwa, ilifika karibu kilometa 390. Ilikuwa mara ya tano kujaribu, na baadhi ya zile nne za kwanza ziliharibika.

Hata pwani ya Afrika ya Mashariki imeona kazi hii. Karibu na Malindi, Waitalia walisimamisha jukwaa katika bahari, wakaliita San Marco. Tarehe 12 Desemba 1970, sikukuu ya uhuru wa Kenya, roketi ya Scout yenye vipande vinne ilipaa kutoka pale ikiwa imebeba chombo cha kuchunguza nyota, nacho kikaitwa Uhuru. Vipande vya chini viliachwa njiani kimoja baada ya kingine, kama wale wapagazi wetu.

Roketi za wanafunzi zilianza kwa taabu. Warusi walipoizungusha Sputnik mbinguni, tarehe 4 Oktoba 1957, vijana wengi wa Marekani walitaka kuwa na roketi zao wenyewe. Walichanganya madawa ya kulipuka kwa mikono yao, wakayashindilia katika mabomba ya chuma. Na bomba la chuma likipasuka halina tofauti na bomu. Wako waliopoteza vidole, wako waliopoteza macho, na wako waliokufa. Walakini njia iliyo salama ilikuwa imekwisha kupatikana. Orville Carlisle, mwuza viatu wa mji wa Norfolk katika jimbo la Nebraska, ambaye alijua sana kazi ya fataki, mwaka 1954 aliunda roketi ya karatasi yenye injini ya kubadilishwa na mwavuli wa kuirudisha chini. Mwaka 1957 alimpelekea mfano wake G. Harry Stine, aliyefanya kazi pale White Sands, naye Stine akatambua ya kuwa hii ndiyo dawa. Mtoto asiiguse baruti kamwe. Baruti ishindiliwe kiwandani kwa mashine, kila injini sawa na mwenzake. Na mtoto aunde mwili, mapezi na mwavuli. Kanuni hiyo yafuatwa hata leo, nami nawaonya wazi ninyi msomao: anayechanganya baruti nyumbani haundi roketi, anachimba kaburi.

Injini nimeitaja, basi nieleze ilivyo, ingawa haina gurudumu wala chuma. Ni bomba la karatasi ngumu, nene kama kidole gumba, lenye urefu wa milimeta 70 na upana wa milimeta 18. Chini kuna koo la udongo mgumu. Ndani kuna baruti ya kusukuma. Juu ya hiyo, katika injini ya kawaida, kuna baruti nyingine iunguayo polepole, isiyosukuma kitu bali hutoa moshi tu. Na juu kabisa kuna baruti kidogo ya kufukuza, ambayo hulipuka kwa mbele na kuutoa mwavuli. Ubavuni huandikwa alama, mathalan C6-7. Herufi yaonyesha nguvu yote iliyomo: B yaweza kuwa na mara 2 ya A, na C mara 2 ya B. Namba 6 ni msukumo wa wastani kwa kipimo cha newtoni, na newtoni 1 ni kama nguvu ya kushikilia gramu 100 mkononi. Namba 7 ni sekunde ambazo ile baruti ya polepole huungua kabla ya kuufukuza mwavuli. Injini ya kipande cha chini huandikwa C6-0, maana yake haina baruti ya kungoja wala ya kufukuza. Mbele ya baruti yake ya kusukuma hapana kitu.

Kutokuwa na kitu huko ndiko ufundi wote. Injini ya juu hukalishwa moja kwa moja juu ya injini ya chini, koo lake likigusa kichwa cha mwenzake, na zote mbili hufungwa kwa mzunguko mmoja tu wa utepe mwembamba wenye gundi. Baruti ya injini ya chini huungua ikipanda juu, mpaka unabaki ukuta mwembamba kama ganda la yai. Ukuta huo hupasuka, na moshi wa moto pamoja na chembe za baruti ziwakazo hurushwa mbele, zikaingia katika koo la injini ya juu na kuiwasha. Papo hapo nguvu ya moshi hukata utepe na kuvitenga vipande viwili. Yote haya ni kufumba na kufumbua; mtazamaji husikia mlio mdogo tu, kama mtu afunguaye chupa. Ukifunga utepe mara tano, vipande havitaachana, au vitaachana kwa kuunguzana. Ukiacha nafasi kati ya injini mbili, moshi wa kwanza utavisukuma mbali kabla chembe za moto hazijafika, na kipande cha juu kitakwenda bila kuwaka. Wanaotaka kuacha nafasi hutoboa matundu madogo ubavuni mwa kipande cha chini ili hewa iliyofungwa ipate pa kutokea. Nadhani anayeanza afunge injini kwa kugusana, akajifunze matundu baadaye.

Kazi ya kiungo hiki mwaweza kuiona darasani bila baruti hata chembe. Tafuteni maputo mawili marefu ya mpira, yale ya sikukuu, na kikombe cha karatasi mlichokikata kikabaki pete tu. Nyosheni uzi laini kutoka ukuta huu hata ukuta wa pili, mkiwa mmeupitisha katika mirija miwili ya kunywea soda. Jaza hewa puto la mbele, mdomo wake uupitishe ndani ya pete, mwenzako aubane kwa kidole kwenye ukingo wa pete. Kisha ingiza kichwa cha puto la nyuma ndani ya pete hiyo, ulijaze hewa. Likivimba litaubana ule mdomo, na kidole chaweza kuondolewa. Gandisha kila puto kwenye mrija wake, uachie puto la nyuma. Litalisukuma la mbele mpaka hewa yake ipungue. Litasinyaa, mdomo uliobanwa utafunguka, na puto la mbele litakwenda zake likimwacha mwenzake na pete. Jaribio hili hukataa mara mbili tatu kabla ya kukubali, nalo hupendeza zaidi kwa hiyo.

Turudi kwenye mwili wa roketi. Huundwa kwa bomba la karatasi, jembamba kadiri injini iwezavyo kuingia, maana hewa ndiyo adui mkubwa wa kitu kiendacho kwa mbio. Pua huchongwa kwa mti wa balsa, mti mwepesi sana wa Amerika ya Kusini, ikawa na umbo la yai lililorefushwa. Mapezi hukatwa kwa ubao wa balsa usiozidi milimeta 2, nyuzi za mti zikielekea kama ukingo wa mbele uelekeavyo. Ukizikata vingine, pezi litavunjika kwa upepo wa mwendo wenyewe. Ukingo wa mbele huviringwa, wa nyuma huchongwa mkali. Kisha husuguliwa kwa msasa, hupakwa rangi, husuguliwa tena. Kazi ya msasa yachosha, wala haina sifa, na wengi huiruka. Lakini katika mashindano roketi mbili zenye injini sawa hutofautiana sana kimo kwa sababu ya msasa tu na mapezi yaliyonyoka.

Kazi ya mapezi ni kuifanya roketi iende pua mbele, kama manyoya ya mshale. Kila roketi ina mahali ambapo ukiikalisha juu ya ukingo wa rula hulala sawa. Tupaite kitovu cha uzito. Ina na mahali pengine ambapo nguvu yote ya upepo wa ubavuni ni kama imekusanyika. Tupaite kitovu cha upepo. Kitovu cha uzito hakina budi kuwa mbele ya kitovu cha upepo, kwa umbali usiopungua upana wa bomba. Kikiwa nyuma, roketi itapinduka hewani kama mbwa afukuzaye mkia wake. Ili kupata kitovu cha upepo bila hesabu ndefu, chora umbo la roketi kutoka ubavuni juu ya kadibodi, ulikate, ulipime juu ya rula. Njia hii hukosea kidogo, lakini hukosea kwa upande wa usalama. Kisha funga roketi yako kwa uzi kwenye kitovu cha uzito, injini zikiwa ndani, uizungushe juu ya kichwa chako. Pua ikitangulia, ni vyema.

Hapo roketi ya vipande viwili ina mtego wake. Injini ya pili imeongeza uzito mkiani, na kitovu cha uzito kimerudi nyuma. Basi kipande cha chini hupewa mapezi makubwa kuliko ya juu. Tena majaribio hufanywa mara mbili: kwanza vipande vyote vikiwa vimeungwa, kisha kile cha juu peke yake, kwa kuwa kila hali itaruka kwa zamu yake. Kipande cha chini kikiwa peke yake hakihitaji kutulia. Kwa kweli hutakiwa kiwe kibaya, ili kikiachwa kibiringike kama jani kavu na kuanguka polepole bila kumdhuru mtu. Kwa hiyo hakipewi mwavuli.

Je, roketi iwe nyepesi kadiri iwezekanavyo? Karibu kila mtu atasema ndiyo. Lakini chukua unyoya mkononi mwako wa kulia, na kijiwe kidogo mkononi mwa kushoto, uvirushe. Unyoya ni mwepesi, nao husimama mbele ya pua yako. Roketi hupanda kwa baruti muda usiofika sekunde 2 kwa kila injini ya C6. Baada ya hapo hupaa kwa mbio zake tu kwa sekunde nyingi, na sehemu kubwa ya kimo hupatikana katika kupaa huko. Ikiwa nyepesi mno, hewa huisimamisha upesi kama unyoya. Ikiwa nzito mno, baruti haikuipa mwendo wa kutosha. Kati ya hizo mbili uko uzito mmoja ulio bora, na washindani hutafuta gramu hizo kwa hesabu na kwa majaribio ya siku nyingi.

Siku ya kurusha huchaguliwa asubuhi yenye utulivu. Upepo wa ubavuni huyapiga mapezi, na roketi huelekeza pua kule upepo utokako. Roketi ya kipande kimoja ikiinama kidogo hupoteza kimo kidogo. Ya vipande viwili ikiinama wakati kipande cha chini kinamalizika, basi kipande cha juu huwaka kikielekea kando, na nguvu zake zote huzitumia kwenda juu ya mashamba na nyumba za watu. Kwa hiyo watu wenye busara hawairushi siku ya upepo, hata kama wamesafiri kutwa nzima kuja uwanjani. Nyasi kavu hufyekwa pale pa kurushia, ruhusa huombwa kwa wenye ardhi na kwa wasimamizi wa ndege, na watoto husimama mbali.

Roketi husimamishwa juu ya ufito wa chuma ulionyoka, ikipita kwa mrija mdogo uliogandishwa ubavuni, ili iongozwe mpaka ipate mwendo wa kutosha kwa mapezi kushika hewa. Haiwashwi kwa kiberiti. Waya mwembamba huingizwa katika koo la injini ya chini, na mwenye kurusha, akiwa mita 5 au zaidi kutoka hapo, au mita 9 kwa injini kubwa, huhesabu kwa sauti kutoka 5 kushuka, kisha hubonyeza kitufe cha betri. Isipowaka, huondoa ufunguo wa betri na kungoja dakika nzima kabla ya mtu yeyote kuikaribia.

Kosa baya kuliko yote hufanyika kabla ya hapo, mezani, nalo ni kubadilisha injini. Mtu mwenye haraka huiweka C6-7 chini na C6-0 juu. Roketi hupaa vizuri, moto wa chini huisha, wala wa juu hauwaki. Baruti ya polepole yaungua sekunde 7. Katika muda huo roketi imepanda, imesimama, imeinamisha pua, yaelekea chini kwa mbio. Ndipo baruti ya kufukuza ya chini hulipuka na kuiwasha injini ya juu, nayo husukuma roketi kwa nguvu zake zote kuelekea ardhini, pasipo mwavuli, maana injini ya juu ya alama 0 haiwezi kuufukuza. Roketi nyepesi ya karatasi imekuwa mshale. Kwa sababu hiyo washindani wengi huamuru injini zisomwe alama kwa sauti na mtu wa pili, asiye yule aliyeziweka.

Mambo yakienda sawa, roketi ndogo ya namna hii hupita mita 300 bila shida. Lakini nani atakayesadiki? Macho hudanganya sana, na kila mwenye roketi huiona yake ikifika mawinguni. Kwa hiyo ipo njia ya kupima. Watu wawili husimama mbali na pale pa kurushia, kila mmoja upande wake, na kati yao umbali uliopimwa kwa kamba, tuseme mita 300. Kila mmoja ana chombo kama kile cha wapima ardhi, na kwa hicho huifuata roketi mpaka kileleni, ambapo poda ya rangi iliyotiwa pamoja na mwavuli hutawanyika ionekane kama kijiwingu. Hapo kila mmoja husoma pembe mbili: moja ya kando, kutoka ile kamba, na moja ya kwenda juu. Tuseme wote wawili wamesoma digrii 60 kando. Chora pembetatu yenye msingi wa sentimeta 30 na pembe hizo mbili, nawe utaona pande zote ni sawa. Yaani sehemu ya ardhi iliyo chini ya roketi i mita 300 kutoka kwa kila mtu. Kama wote wamesoma digrii 45 juu, kimo nacho ni mita 300. Tena uzuri wa kuwa na watu wawili ni huu: kila mmoja hutoa hesabu yake ya kimo, na hesabu hizo zikihitilafiana na wastani wake kwa zaidi ya sehemu 10 katika 100, huko ni kukosa, na mruko huo haukubaliwi hata kama mwenyewe atalia.

Siku hizi washindani hutumia zaidi kipimo kidogo cha umeme chenye uzito wa gramu chache tu, ambacho huwekwa ndani ya pua. Hicho hupima kani ya hewa. Karibu na usawa wa bahari, ukipanda mita 8 au 9, kani hiyo hupungua kwa kiasi cha sehemu 1 katika 1000. Kipimo huhesabu upungufu huo na kukumbuka kimo kikubwa kilichofikiwa. Mwili wa roketi hutobolewa matundu madogo ili hewa ya ndani ilingane na ya nje, la sivyo kipimo kitapima hewa iliyofungwa humo. Shirikisho la kimataifa la michezo ya anga, lililoanzishwa mwaka 1905, lina daftari la rekodi za roketi hizi pia, nalo haliandiki kimo kilichokadiriwa kwa jicho.

Lakini kipimo kilicho ndani ya pua hakina faida kama pua haikupatikana. Roketi ikifungua mwavuli mita 400 juu, hata upepo mdogo waweza kuichukua mbali sana. Kwa hiyo wengi hutumia utepe mrefu wa rangi mahali pa mwavuli, ili ianguke upesi zaidi. Mara baada ya mlio wa juu kabisa, wakati wazee wangali wanakinga macho kwa viganja, watoto huwa wamekwisha kutoka mbio. Kipande cha chini huonekana karibu, kingo zake nyeusi kwa moto. Cha juu hutafutwa saa nzima majanini na juu ya miti, mmoja akitazama ardhi na mwingine akitazama matawi. Kikipatikana, haruhusiwi mtoto kukifungua. Hupelekwa kama kilivyo kwa mwamuzi, naye huitoa pua, husoma namba mbele ya watu wote, na kuiandika.